Niliondoka na Makaa Matatu

Wiki iliyopita kibarua wangu mmoja alimwagia maji jiko lenye moto pale saiti yangu ya Komarock. Ile harufu ikapanda: majivu, mvuke, ubao ulioungua kisha ukalowa. Mimi ninayeandika haya nina majengo mawili ya ghorofa na la tatu limefika linta, usawa wa juu ya madirisha. Nina lori la mchanga. Niliishia darasa la sita, na leo ninawalipa mshahara mainjinia wenye vyeti vya kutundika ukutani. Siogopi askari wa kaunti, siogopi benki, simwogopi mtu. Lakini pale nilishika ukuta, jasho likanitoka mgongoni kama mtu anayekimbizwa. Wale vijana wakadhani ni presha. "Keti hapa, bosi," mmoja akaniambia, akanigeuzia ndoo. Nikaketi juu ya ndoo kama mtoto aliyekatazwa kusogea. Wangeelewa nini? Wao walizaliwa wakakuta gesi.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka kuomba moto. Kuwasha makaa tangu mwanzo kulitaka mafuta ya taa, karatasi na nusu saa ya kupepea huku macho yakitoka machozi. Kwa hivyo jioni ikifika mama anachungulia nje, anaangalia jiko la nani limeshika, halafu anamtuma mtoto. Mtu mzima kwenda mwenyewe ilikuwa haya kidogo. Mtoto akienda, hakuna neno. Anabeba kipande cha bati, anasimama mlangoni, anasema, "Mama amesema mtusaidie na moto," anawekewa makaa mawili matatu, anarudi mbio kabla hayajafifia.

Na mimi nilikuwa bingwa. Hilo nalisema bila kuzunguka. Ploti yetu ya Dandora ilikuwa na watoto kumi na mmoja, na hakuna aliyebeba moto kama mimi. Wenzangu walitembea wakipuliza, mashavu yamefura kama vyura. Mimi nilikimbia nikiuelekeza moto kwenye upepo, nikizungusha mkono hivi, makaa yanafika nyumbani mekundu kuliko yalivyotoka. Kina mama walinisifu. "Huyu kijana wa Mama Njeri ni moto kweli." Nilikuwa na miaka tisa, sifa zikanilevya mapema, na mpaka leo sijapona vizuri ugonjwa huo.

Mbele ya ploti vilikuwa vyumba vya mawe, ndimo tulimoishi. Nyuma, ukipita bomba la maji, vilikuwa vyumba vitatu vya mbao vilivyoezekwa mabati. Kwenye cha mwisho alikaa Mzee Mutiso, mtu wa gita. Mchana alilala, jioni alivaa koti lake la kahawia akaenda kupiga kwenye vilabu vya mjini. Zamani aliosha vyombo kwenye hoteli moja kubwa, na huko alisikia santuri za watu weusi wa Amerika, muziki wa polepole wa mtu aliyeachwa na kila kitu. Aliuita bluzi. Mama aliuita muziki wa matanga. Lakini Jumapili mchana, Mzee Mutiso akikaa mlangoni kujaribu nyuzi na kuimba kwa Kikamba chake kuhusu gari la moshi lililomwacha stesheni, niliona jinsi wanawake wanaofua pale bombani walivyopunguza kusugua. Hakuwa mlevi. Hakuvuta sigara, alisema zinakata sauti. Alikuwa mtu wa ugoro, na mimi ndiye niliyetumwa kuununua kwenye kibanda, umefungwa kwenye karatasi, senti za kubaki ni zangu.

Jirani yake, mwenye vile viwili vilivyobaki, alikuwa Baba Kioko, mchongaji. Twiga, vifaru, vijiko vya kuuziwa watalii. Mlangoni pake hapakukosa gunia la maranda, yale mabaki membamba ya mbao yaliyojikunja kama nywele. Kina mama waliyachukua kidogo kidogo kuwashia jiko. Pale ndipo watoto tulipokatazwa kucheza.

Siku yenyewe upepo ulikuwa mkali, ule wa kuvumisha vumbi na karatasi. Mama akaniambia, "Naona jiko la Mzee Mutiso linawaka nje. Enda uombe, na usikawie, unga uko tayari." Nikaenda. Jiko lilikuwa mlangoni pake, jekundu, birika juu, mwenyewe hayupo. Nikaita, "Mzee!" Nikasikia anakoroma ndani. Desturi ilikuwa wazi: hakuna kuchukua moto bila mwenyewe kusema chukua. Lakini bingwa angerudi mikono mitupu? Nikasogeza birika, nikachukua kwa kijiti, nikahesabu. Matatu. Makubwa. Nikakimbia nikizungusha mkono kama kawaida yangu.

Nilipofika kwa mama yalikuwa mawili.

"Ndiyo haya tu?" mama akauliza.

"Ndiyo haya tu," nikajibu.

Nilisimama mlangoni nikaangalia nyuma. Nilitaka kurudi. Nawaambia kweli, mguu mmoja ulikuwa tayari nje. Lakini nilifikiri, nikirudi kutafuta, mama atauliza natafuta nini, na nitasema nimedondosha, na mimi sidondoshi. Nikaingia ndani nikaketi. Nikasema litazimika lenyewe. Makaa mangapi yamezimika yenyewe duniani?

Sufuria ilikuwa haijachemka tuliposikia Mama Kioko akipiga yowe. Nilipotoka, gunia la maranda halikuwepo tena, mahali pake palikuwa na kitu kirefu cha manjano kinachopanda ukuta wa mbao. Sijasahau sauti yake. Watu hufikiri moto unawaka tu. Ule ulikuwa unapumua. Mabati yalilia, misumari ikaruka, twiga wa Baba Kioko wakapasuka ndani mmoja mmoja, na watu wakapanga foleni ya ndoo kutoka bombani. Mzee Mutiso alitolewa na vijana wawili, amevaa fulana na kaptura. Akawaponyoka, akarudi ndani. Alitaka gita. Alitoka ameshika shingo yake tu, nyuzi zimening'inia, na mkono wa kushoto ngozi imejivuta kama ya maziwa yaliyochemka.

Vyumba vyote vitatu vilikwisha. Hakufa mtu. Jioni ile maji yalipokwisha kumwagwa, harufu ikatanda ploti nzima, ikaingia kwenye ugali wetu. Nilikula nikijua ninachokula.

Sasa mnielewe kuhusu hofu yangu. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeona, kupitia katikati ya miguu ya watu, mwizi wa redio akichomwa kwa tairi karibu na soko. Niliona viatu vyake. Kwa hivyo nilipiga hesabu zangu za darasa la tatu: aliyeiba redio moja amefanywa hivyo, je, aliyechoma nyumba tatu? Nikaanza kuyakwepa matairi. Kulikuwa na moja kuukuu nyuma ya choo tulilokuwa tukilisukuma kwa vijiti. Nilipolikuta asubuhi limehamishwa, limeegemezwa karibu na mlango wetu, nilijikojolea nikiwa nimesimama. Kumbe ni kitoto fulani kilikuwa kimelichezea. Usingizi ukanikimbia, nikawa nalala nimemshika dada yangu Njeri nguo.

Halafu Mama Kioko akaanza kupita nyumba hadi nyumba na daftari. Akafika kwetu, akakaa kitandani, akauliza, "Hapa niandike nani?"

"Andika mimi na watoto wangu wawili," mama akasema.

"Kila nyumba lazima isimame mbele Jumapili. Hakuna kujificha, Mama Njeri. Chifu mwenyewe anakuja."

Nilikuwa chini ya meza. Nilimwona akiandika. Alipotoka nikamuuliza Njeri chifu anakuja kufanya nini.

"Ni harambee ya Mzee Mutiso, wewe, ya kumtibu mkono. Chifu ndiye mgeni wa heshima."

"Mgeni wa heshima hufanya nini?"

Njeri alikuwa na miaka kumi na mbili na alijifanya anajua kila kitu. "Anakaa kwenye kiti kikubwa, watu wanaitwa majina mmoja mmoja, kila mtu anatoa alichonacho mbele ya watu wote. Asiyetoa anajulikana."

Hebu fikiri jinsi mtoto mwenye siri anavyosikia maneno hayo. Kutoa nilichonacho, mimi nilikuwa na kitu kimoja tu tumboni. Nilijua basi kwamba harambee ni mahali pa kuwatoa watu siri. Njeri alinicheka nilipokataa kuvaa viatu Jumapili ile. "Ati anaumwa tumbo! Mama, huyu anataka kuachwa na mandazi." Mama akanivalisha kwa nguvu.

Ilifanyika uwanja wa nyuma, pale pale palipoungua, majivu yamefagiliwa kando. Viti vya kanisa vilipangwa. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe chenye maua, juu yake beseni la plastiki. Chifu alikuja na kofia yake na fimbo yake, na askari wawili wakasimama nyuma ya kiti. Nikawahesabu. Nikahesabu pia njia za kutoka. Ilikuwa moja, na askari mmoja alikuwa ameiegemea.

Mzee Mutiso aliketi mbele, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko, amevaa koti la kuazimwa lenye mikono mifupi. Mwendesha harambee alikuwa shemasi mmoja mcheshi wa kutoka ng'ambo ya barabara. Akaanza kama wanavyoanza, kwa kuchokoza watu. "Natoa shilingi tano Chifu avue kofia tuone kama ana nywele!" Watu wakaangua kicheko. Chifu akatoa kumi asivue. Mama mmoja akatoa kumi na mbili avue. Kofia ikavuliwa, kichwa kikang'aa, watu wakapiga meza. Kukauzwa kuku, kukauzwa mayai, kukauzwa kijiko kimoja cha Baba Kioko kilichonusurika. Familia zikaanza kuitwa. Beseni lilikuwa linapendeza. Mimi nilikuwa nimejibana kwenye sketi ya mama nikisikia majina yakikaribia letu kama mtu anayepanda ngazi.

Ndipo Baba Kioko akasimama. Yeye hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alikuwa na kitu kwenye ngumi.

"Shemasi, samahani. Mimi pia nimeunguliwa. Simwonei Mzee wivu, achangiwe. Lakini kabla sijatoa hata ndururu, nataka nijue nani aliwasha moto." Akafungua ngumi. Lilikuwa kaa, jeusi, limezimwa na maji. "Hili nimeliokota njiani, hatua nne kutoka mlango wangu. Si la jiko langu, mimi hupikia mbao. Na kwenye ploti hii mnajua nani hubeba moto."

Watu wakaanza kutazamana.

"Watoto," mtu akasema huko nyuma.

"Watoto!" Baba Kioko akaitikia. "Chifu, naomba watoto wote wa ploti waje hapa mbele. Mmoja mmoja aseme siku ile alitumwa wapi. Na mwenye mtoto huyo atajenga vyumba vitatu, au tutajua la kumfanya."

Vijana kadhaa wakasema, "Kweli! Waje!" Mmoja wao nilimjua. Nilikuwa nimemwona siku ya yule mwizi wa redio.

Chifu akaweka kofia kichwani. "Walete."

Mama akanisukuma taratibu. Hakuwa na wasiwasi wowote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa na uhakika na mimi. "Enda na wenzako," akasema, "simama vizuri." Tukapangwa watoto kumi na mmoja, wadogo upande huu, wakubwa upande ule, mimi katikati. Majivu yalikuwa chini ya viatu vyangu. Meno yangu yaligongana nikaogopa watu wanasikia. Baba Kioko akaanza na kidogo kabisa, kasichana ka miaka minne, akainama, "Wewe siku ya moto ulitumwa wapi?" Kakaanza kulia. Akaenda kwa wa pili. Walikuwa wanne kabla yangu. Watatu. Nilijua nitasema. Sikuwa na nguvu za kudanganya, mdomo ulikuwa unafunguka wenyewe.

"Achaneni na hao watoto."

Ni Mzee Mutiso. Alikuwa amesimama, koti la kuazimwa limempanda.

"Baba Kioko, keti. Ni sigara yangu. Nililala nayo."

Shemasi alijaribu kufanya mzaha ukamfia mdomoni. Mama Kioko akasema taratibu, "Mutiso, kweli?" Akajibu, "Kweli. Nilikuwa nimechoka, nikawasha, nikasinzia. Niliona haya kusema." Na watu wote waliamini pale pale, maana ni mtu wa vilabu, na mtu wa vilabu asivute sigara? Hakuna aliyefikiri, hata kuuliza mbona gunia ndilo lililotangulia kuwaka. Baba Kioko akalitupa lile kaa chini, akatema mate, akamwambia maneno ambayo sitayaandika. Mama mmoja aliyekuwa ameshika noti akaikunja akairudisha kifuani. Mwingine akasema kwa sauti ya kusikika, "Kwa hivyo tunamchangia mtu aliyetuchoma?" Viti vikaanza kusogezwa. Chifu akaangalia saa. Familia zilizobaki hazikuitwa, yetu ikiwa mojawapo. Kilichobaki kwenye beseni, Baba Kioko alidai nusu, na akapewa.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye mstari. Mimi ndiye niliyejua kwamba mzee yule hajawahi kushika sigara. Nilinyamaza. Mtu anayewaandikia hapa, anayejisifu kuwa hamwogopi mtu, alikuwa na neno moja la kusema na hakulisema. Mzee Mutiso aliutazama mstari wetu, na macho yake yakatua, nikawa na hakika, juu yangu.

Aliondoka baada ya siku chache na mkokoteni wenye godoro la kupewa. Alihamia mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Nilijificha chooni mpaka magurudumu yakanyamaza. Miaka iliyofuata sikulala vizuri, sasa si kwa kuogopa tairi, bali kwa kumwogopa yeye. Nilidhani amenishika. Anajua, na siku moja atakuja kudai. Nikiona koti la kahawia njiani navuka barabara. Nilipoacha shule nikaenda kubeba mawe kwenye saiti, nilijiambia nataka pesa, lakini nadhani nilitaka kuwa mkubwa upesi ili akija anikute nina cha kumpa.

Hakuja. Nilipopata pikapu yangu ya kwanza nilimtafuta mimi. Nilinunua gita jipya, nikatia na bahasha mfukoni, nikauliza Mukuru nzima mpaka nikaonyeshwa chumba. Alikuwa amezeeka, anawafundisha vijana wawili. Vidole viwili vya kushoto vilikuwa havikunjiki, kwa hivyo alikuwa akitelezesha kipande cha bomba la maji juu ya nyuzi, na gita lilikuwa linalia kuliko zamani. Vijana walipotoka, nikajitambulisha. Alifurahi. "Mtoto wa Mama Njeri! Mtu wa ugoro wangu!" Nilitetemeka, mwanaume mwenye funguo za gari mkononi. Na mimi nikiogopa huwa napaza sauti. Nikasema kama ninayetangaza mnada:

"Mzee, ule moto ni mimi! Nilichukua makaa bila ruhusa, moja likaanguka!"

Aliinuka haraka kuliko nilivyotegemea. Akatoa kichwa nje, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akafunga mlango.

"Punguza sauti, mwanangu. Hapa ni mabati tu, watu wanasikia."

Nikamwambia nilijua kwamba alijua. Nilimwona akinitazama siku ile.

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Nilijua ni mtoto wa mtu. Birika langu nilikuta limesogezwa. Lakini sikutaka kujua wa nani. Niliangalia juu ya vichwa vyenu, nikakazia macho bomba, nisije nikamwona anayetetemeka." Akanitazama sasa kweli, kama mtu aliyeletewa mzigo ambao hakuuagiza. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Ni yeye aliyekutuma?"

"Ndiye."

"Basi asijue kamwe. Akijua, atasema ni mkono wake uliochoma."

Gita alilipokea. Bahasha alinirudishia, akaniambia nimnunulie mama kitu. Nilinunua jiko la gesi. Mama alilitumia mpaka mwisho na alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu kijana wangu tangu utoto hajawahi kudondosha kitu." Nilikuwa nikitoka nje kila aliposema hivyo. Tumemzika majuzi, na udongo wa kaburi haujashuka vizuri. Sasa naweza kuandika.